Kabla ya Kupeleka Kazi Yako kwenye Kompyuta Kuu

Wadogo zangu wa Unguja na Pemba mnaopata kwa mara ya kwanza ruhusa ya kutumia kompyuta kuu iliyo ng'ambo, nawaandikia baada ya miaka kadhaa ya kukokotoa mikondo ya maji kati ya Pemba na Tanga, jinsi inavyobadilika kaskazi inapoondoka na kusi ikaingia.

Fahamuni kwanza kwamba kompyuta kuu ni maelfu ya kompyuta, ziitwazo nodi, zilizounganishwa ili zishirikiane katika hesabu moja. Kwa hiyo programu isiyogawika haitakwenda mbio kwa sababu tu imepelekwa huko. Aliyekulia kwenye mashamba ya karafuu ataelewa upesi: wachumaji hata wakiwa mia, mizani ikiwa moja, foleni itakuwa mizanini. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1967, na hesabu yake haina huruma, kwani asilimia 5 tu ya kazi ikiwa haigawiki, kasi haitazidi mara 20 hata ukipewa nodi elfu kumi. Pimeni programu zenu kwa nodi 1, kisha 2, kisha 4, na pale muda unapoacha kupungua, hapo ndipo pa kusimama.

Nasisitiza hili kwa sababu mashine hizi zinakula umeme kwa kiasi cha kutisha. El Capitan, iliyoko katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, ilitangazwa Novemba 2024 kuwa ya kwanza duniani kwa kasi, na hutumia takriban megawati 30, ilhali waya wa baharini uliofikishwa Fumba mwaka 2013 ulijengwa kubeba megawati 100 kwa ajili ya Unguja nzima. Sisi tulioishi gizani umeme ulipokatika Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatuna udhuru wa kuchezea saa za mashine kama hizo.

Mtakutana pia na masharti ya usalama, na naomba msiyachukie. Marekani ilifanya jaribio lake la mwisho la bomu la nyuklia Septemba 1992, na tangu hapo hali ya silaha zake huchunguzwa kwa sehemu kubwa kwa hesabu za kompyuta. El Capitan ilijengwa hasa kwa kazi hiyo ya siri, na pembeni yake ikawekwa ndugu yake mdogo, Tuolumne, kwa ajili ya utafiti wa wazi. Vituo vingi havina siri za namna hiyo, lakini navyo vinataka kujua ni nani hasa anayeingia. Basi neno lako la siri usimpe mtu, hata mnayelala naye chumba kimoja dakhalia.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuwa langu mwenyewe. Niliomba saa 48, nikasubiri foleni siku nne, kazi ikaanza vizuri, nami sikuiagiza programu iandike hali yake kwenye diski kila baada ya muda. Saa 48 zilipotimia mratibu wa foleni, yaani programu inayogawa zamu za kutumia nodi, aliikata, kama anavyopaswa kufanya, na sikubakiwa na kitu hata kimoja cha kuendelezea. Tangu siku hiyo kila kazi yangu huhifadhi hali yake kila baada ya saa mbili, na kabla ya kuipeleka huijaribu kwa dakika kumi, maana jina la faili lililokosewa hujitokeza mapema. Vilevile, ombeni muda mnaouhitaji pamoja na akiba ndogo. Kazi fupi hupenyezwa katika nafasi zilizo wazi kati ya kazi kubwa, wakati aliyeomba siku mbili kwa kazi ya saa sita hubaki akisubiri bure.

Msipige hesabu kwenye mashine ya kuingilia, ile mnayoifikia kwanza ili kupeleka kazi kwenye foleni, kwa kuwa ni ya watu wote na mtaikwamisha.

Matokeo nayo yana adabu yake. Hifadhi ya muda katika vituo vingi hufutwa bila kuulizwa mwenyewe, na intaneti yetu haiwezi kushusha mafaili makubwa kwa siku moja. Kokotoeni wastani na kuchora ramani huko huko, kisha mshushe kile kitakachoingia katika tasnifu, pamoja na faili la maelekezo yaliyoendesha kazi, ili mwakani mweze kuirudia.