Hapana, arudhi haikutupwa

Umeuliza kama washairi wa kisasa wa Kiurdu, kina N. M. Rashid na Miraji, walitupa arudhi, yaani mizani inayopangwa kwa silabi ndefu na fupi. Hata kidogo. Walichoacha ni vina na urefu sawa wa mistari. Mstari mmoja unaweza kurudia kipande cha mizani mara nne, unaofuata mara moja tu. Ukisomewa kwa sauti, mapigo unayasikia vizuri. Shairi lisilo na mizani kabisa lilikuja kushika baadaye, na lilizua ugomvi wake.

Kwa uhakiki wa ushairi huu, tafuta maandishi ya mhakiki Shamsur Rahman Faruqi, aliyeanzisha jarida la fasihi la Shabkhoon huko Allahabad, India, mwaka 1966. Anasifiwa kwa kuutetea usasa katika fasihi ya Kiurdu, lakini kwangu mimi kazi yake nzito ni juzuu nne kuhusu Mir, mshairi wa karne ya 18.