Maswali ya Wasomaji: Kongamano la Madevelopa Liendeshe Kama Kamati ya Harusi

Mwezi uliopita niligusia tu kwamba nimewahi kuandaa makongamano ya madizaina na madevelopa wa wavuti hapa Dar, basi simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali machache. Wengine msinune, yenu mengi yanafanana na haya.

Dada shikamoo. Mimi na wenzangu wanne tuna grupu la WhatsApp la madizaina na madevelopa hapa Mwanza, tupo kama 200 hivi. Mwakani tunataka kongamano la siku mbili la watu 120, hoteli tumeshapata inatazama ziwa, wanataka advansi nusu. Kampuni tatu zimetuambia "tuko pamoja". Tulipe hiyo advansi? — Msomaji, Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Usilipe.

We si umeshakaa kamati ya harusi? Unajua kabisa kuna daftari la ahadi na kuna daftari la taslimu, na unajua mjomba aliyeahidi laki tano siku ya kikao cha kwanza ndo huyo huyo simu haipokei wiki ya mwisho. Sasa "tuko pamoja" ya kampuni ni ahadi ya mjomba, tena mjomba ana aibu kidogo maana mtakutana msibani, meneja masoko wa kampuni hamtakutana popote. Mpaka hela iingie akaunti au barua yenye sahihi na tarehe ya malipo iwe mkononi, kwenye bajeti andika sifuri.

Nikupigie hesabu, bei ni za kukadiria tu, weka za kwako. Siku moja, watu 120, hoteli inakutoza 35,000 kwa kichwa, ukumbi chai na lanchi humo humo, hiyo ni 4,200,000. Ulizeni kama VAT imo maana wengi wanakutajia bila, ukiongeza 18% unafika 4,956,000. Vyombo vya sauti na fundi wake 600,000. Baji na stika 300,000. Watoa mada wanne kutoka Dar, nauli na kulala, tuseme 450,000 kila mmoja, 1,800,000. Mpaka hapo ni 7,656,000 na hujaweka dharura, weka asilimia 10, unagota 8,421,600. Kwa hiyo kila kiti kinakugharimu elfu 70 na ushee. Sasa nusu ya watu wako ni wanafunzi wa chuo utawauzia tiketi kwa 10,000, nusu wanaofanya kazi 30,000, jumla umekusanya 2,400,000 endapo tiketi zote zimeisha, na haziishi. Milioni sita zinatoka wapi? Na hiyo ni siku moja, we unaongelea mbili.

Geuza sasa. Watu 60, siku moja, ukumbi wa chuo mnaombea barua mapema mnapewa bure au kwa hela ya usafi, chakula mnaongea na mama lishe anayejulikana, 8,000 kwa sahani yenye samaki wa maana (mpo Mwanza jamani, mkilisha watu kuku wa kizungu nitasikitika), hapo 480,000. Sauti 200,000, mtoa mada mmoja tu wa kutoka mbali 450,000, baji za kuchapa wenyewe 60,000. Jumla 1,190,000, na dharura 1,309,000. Tiketi 10,000 kwa wote inaleta 600,000. Pengo ni laki saba na kitu, na sehemu kubwa ya hilo pengo kampuni moja ya hapo hapo mjini inaweza kuiziba kwa kulipia chakula, tena mwambie amlipe mama lishe moja kwa moja ili kusiwe na maneno.

Usione ni kujidhalilisha. Hata hao wakubwa walianza hivi. BarCamp, lile kongamano la watu wa teknolojia, ya kwanza ilifanyika Palo Alto, Marekani, Agosti 2005, iliandaliwa ndani ya wiki moja tu, ofisini kwa watu, haikuwa na orodha ya watoa mada, ukifika unaandika mada yako ukutani na saa yako basi. An Event Apart, kongamano la watu wa wavuti la Jeffrey Zeldman na Eric Meyer, ambayo baadaye ilizunguka miji mingi ya Marekani, ilianza Desemba mwaka huo huo kwa siku moja Philadelphia, na hata ilipokua waliendelea na ukumbi mmoja, wote mnasikiliza kitu kimoja. Hilo la ukumbi mmoja lichukueni. Mkigawa watu 60 kwenye vyumba viwili mnapata vyumba viwili vinavyoonekana vitupu, na kwenye chai hakuna cha kubishana pamoja maana kila mtu kaona chake.

Alafu kuhusu hoteli, siku mkifika huko, kwenye mkataba waandike kabisa ukumbi upi kwa jina na nani yuko ukumbi wa jirani. Nasema hivi kwasababu yalinikuta. Hoteli moja, siitaji, ilitupa ukumbi uliogawanywa na lile pazia la mbao la kukunja, upande wa pili jioni kulikuwa na send-off. Saa kumi hivi MC akaanza kujaribu maiki, saa kumi na moja wameingiza singeli, na upande wetu kuna dada wa watu anaeleza CSS Grid, ile njia ya kupanga ukurasa wa wavuti kwa safu, kwa upole, kila akisema "safu" ukuta unatikisika. Tulipomaliza nusu ya watu wangu walikuwa wameshavuka kwenda kutuza bibi harusi.

Na tarehe. Msiuze tiketi kuanzia tarehe 10 mkategemea watu watanunua, katikati ya mwezi watu wamefulia, tangazeni tarehe 24, 25 hivi mishahara ikiwa inaingia. Angalieni Ramadhani inaangukia wapi. Mkifanya Ijumaa acheni nafasi ya swala, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane, mkifanya Jumamosi Wasabato mnawakosa, chagueni mkijua.

Sasa dada, niko Kisumu. Tuliandaa mkutano wa siku moja na watu wakatulaumu eti watoa mada wote ni mabeshte wetu, na wote ni wanaume. Ukweli tulifungua fomu ya kutuma mada kwa kila mtu, wanawake hawakutuma. Tufanyeje? — Msomaji, Kisumu

Poa sana ndugu yangu. Fomu kuwa wazi haitoshi, hata mlango wa benki uko wazi lakini si kila mtu anajisikia kuingia.

Mfano mzuri ninaoujua ni JSConf EU, ule mkutano wa JavaScript (lugha ya programu za wavuti) uliokuwa unafanyika Berlin. Mwaka 2012 robo ya watoa mada wao walikuwa wanawake, ambayo kwa mikutano ya namna ile wakati ule ilikuwa kitu cha kushangaza, na hawakuweka viti maalum. Walifanya mambo mawili. Kwanza waliwatafuta wanawake mmoja mmoja na kuwaomba watume mada, sio tangazo la jumla, ujumbe wa mtu kwa mtu. Pili wakati wa kuchagua walificha majina, wakasoma mada tu. Watu wengi wanakumbuka hilo la pili la kuficha majina wanasahau la kwanza, kwahiyo wanaficha majina ya wanaume 40 wanashangaa wamepata wanaume sita.

Kwenu ni rahisi, mtu mmoja ambaye hapigi kura anakopi mada kwenye spredishiti, anafuta jina, kampuni na viungo, anaweka namba. Watatu au wanne wanapiga alama kila mtu kivyake kabla ya kukutana, maana mkikutana kwanza yule mwenye sauti kubwa ndo anachagua peke yake. Mkishapata kumi bora ndo mnafunua majina, hapo mnaruhusiwa kuangalia mizani, mkiona watano wanatoka ofisi moja, punguzeni.

Na beshte wenu mwambieni ukweli mapema. Kumpa beshte nafasi ni kama kumpa shemeji kazi ya upishi kwenye harusi, akiunguza wali utamwambia nini?

Mkishachagua kazi haijaisha. Ombeni kila mmoja afanye mazoezi mbele yenu kwa simu ya video wiki mbili kabla. Dakika 25 zinatosha, anayeomba saa nzima huwa hajapanga anachosema. Code ya programu kwenye slaidi iwe na fonti kubwa, mistari kumi isizidi, na rangi nyeupe nyuma kama ukumbi una madirisha, zile skrini nyeusi ambazo nyie madevelopa mnazipenda mchana hazionekani kabisa kwenye projekta. Mlipieni nauli na pa kulala kabla hajasafiri, sio arudishiwe. Mtoa mada kijana wa kutoka Kakamega hana hela ya kuikopesha kamati yenu.

Dada, waifai ilikufa nusu saa baada ya kufungua na wote wanatulaani. Watu walikuwa 150. — Msomaji, Dodoma

Watu 150 wa kazi hii ni vifaa 300, simu na laptopu. Ruta moja ya kwenye sebule ya mtu haibebi hiyo hata ukiisomea dua, na masafa yale ya waifai ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, ukirundika ruta nyingi bila mpango zinazibana zenyewe. Ukiulizia ukumbi usiulize "mna waifai?", wote watasema ipo. Uliza mara ya mwisho walihudumia vifaa vingapi kwa mpigo, na uende siku wana mkutano ukaone. Kama bajeti ni ndogo mi nasema achana nayo, tangaza mapema kila mtu aje na bando lake, vuta waya mmoja kwa ajili ya meza ya mtoa mada peke yake, na yeye awe amerekodi maonyesho yake kwenye laptopu. Watakununia asubuhi, mchana wamezoea.

Shikamoo dada. Nilihudhuria mkutano mmoja (sisemi upi) kaka mmoja mwenye baji ya waandaaji akanifuata fuata mpaka kwenye gari, na kesho yake picha yangu iko kwenye mabango yao mtandaoni bila kuniuliza. Sasa sisi wenyewe tunaandaa wa kwetu, tunazuiaje? — Msomaji, Arusha

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Andikeni kanuni za mwenendo ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho hata mlinzi wa getini ataelewa, semeni nini hakikubaliki na nini kitatokea. Ila karatasi peke yake haimfukuzi mtu. Inatakiwa watu wawili, angalau mmoja mwanamke, namba zao ziko nyuma ya kila baji, na wawe wamekubaliana kabla kwamba hata akiwa mdhamini, hata akiwa mwandaaji mwenzao, anatolewa. Maana shida kama yako ni hiyo, aliyekukera ndo mwenye mkutano, sasa utashtaki kwa nani? Kwahiyo mmoja kati ya hao wawili asiwe kwenye kamati. Na mshenga yule anayepokea malalamiko asianze kusuluhisha, eti "msamehe alikuwa anatania". Asikilize, aandike, amuulize huyo dada anataka nini kifanyike ili awe salama.

Picha: kamba za baji za rangi mbili, moja ya anayekubali kupigwa picha na moja ya asiyekubali, mpiga picha apewe maelekezo kabla hajawasha kamera. Sio mapambo tu hayo. Kenya wana sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, sisi Tanzania tuna ya 2022, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya na ofisi ya kamishna wa data kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Kaniambie tena mpiga picha wenu anasema "si ni picha tu".

Tunataka tuite wa kwetu WordCamp, tunaruhusiwa? — Msomaji, Mombasa

Sio mkiamka tu. WordCamp ni mikutano ya watu wa WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, ya kwanza ilifanyika San Francisco 2006, na sasa jina lina wenyewe, mnaomba, wanaangalia kama mna mitap (kikundi cha mikutano midogo) inayokutana mara kwa mara hapo mjini, na bajeti yenu inapitiwa. Waandaaji na watoa mada hawalipwi, wanajitolea. Faida yake hamkai na hela za watu kwenye akaunti ya mtu binafsi, na kwa mtu anayeijua kamati ya harusi hiyo peke yake ni amani. Nairobi na Kampala wameshafanya, waulizeni wao. Kama mada zenu sio WordPress basi msilazimishe, wa Django, zana nyingine ya kutengenezea tovuti, walikuja kufanya DjangoCon Africa Zanzibar Novemba 2023, kwahiyo kila jamii ina njia yake, mnaweza kuitafuta ya kwenu.

Tisheti tuchape ngapi? — Msomaji, Morogoro

Hata moja. Saizi mtakosea, zitabaki 40 za XXL chini ya kitanda cha mhazini. Hiyo hela nunueni ekstensheni kumi za umeme ndefu, zile za maana, na adapta za HDMI tatu, mziandike jina kwa maka pen maana zinaibiwa.