Turbo imekarabatiwa, mbona moshi wa bluu?

SWALI: Nimebadilisha beringi na sili zote za turbo. Shafti haichezi, lakini injini ikinguruma dakika chache bila kukanyaga mafuta, nikikanyaga tu linatoka wingu la bluu. Nimeuziwa sili feki?

JIBU: Moshi wa bluu ni oili inayoungua, lakini usizilaumu sili kwanza. Sili ya turbo si mpira. Ni ringi nyembamba ya chuma, kama ya pistoni, na haiwezi kuzuia oili iliyotuama. Oili huingia kwa presha, ila hutoka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo fungua paipu ya kurudisha oili uichungulie. Mara nyingi utakuta silikoni imeminywa kwenye flenji (uso wa kiungo cha paipu) na kuziba nusu ya tundu (hapo weka gasketi kavu, silikoni haina kazi). Paipu iteremke moja kwa moja, isijikunje popote, na iingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili.

Kama iko sawa, kagua vali ya kupumulia injini. Ikiziba, au ringi za pistoni zikiwa zimechoka, presha ndani ya sampu huizuia oili kushuka.

Ukirudisha turbo, mimina oili safi kwenye tundu la juu la kuingizia oili, zungusha shafti kwa kidole, chomoa soketi za injekta ili injini isiwake, kisha piga stata kwa sekunde 10 hivi. Shafti hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Ikianza kavu, beringi mpya zimekwisha.

Oili iliyokwishamwagika kwenye ekzosi itaendelea kufuka kwa muda. Usifungue turbo tena kwa sababu hiyo.