Mzee kaandikiwa CT ya mishipa ya moyo, ECHO iko safi: tulipie?

Mkuu, umesema mzee ana miaka 58, kifua kinambana akipanda ngazi na kinaachia akipumzika, na ndugu wanaona CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) ni kupoteza hela kwa kuwa ECHO (ultrasound ya moyo) imetoka safi. Mimi nafanya kazi chumba cha CT. Kwa hali hiyo, lipeni.

ECHO inaonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu na vali zinavyofunga. Kama mishipa inayoulisha moyo imeziba, haikwambii moja kwa moja. Watu huzunguka hospitali tatu wakirudia ECHO ileile, na hela inayoishia huko inaniuma sana.

Scotland waliwafuatilia wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua ya namna hii. Baada ya miaka 5, waliopata shambulio la moyo au kufa kwa ugonjwa wa mishipa hiyo walikuwa asilimia 2.3 kwa walioongezewa CT, na 3.9 kwa wenzao wasioongezewa. Picha yenyewe haitibu; inaaminika tofauti ilitokana zaidi na dawa, maana daktari akishaona mafuta yameganda kwenye kuta za mishipa, anaanzisha statini (dawa ya kushusha kolesteroli) na aspirini mapema. Kwa hiyo mzee akipigwa picha halafu dawa akaziacha kabatini, hapo ndipo hela imepotea.

Ila si kila mtu inamfaa. Wanakuja wazee wenye kisukari cha miaka mingi, mishipa imejaa chokaa. Kwenye skrini ni weupe mtupu, njia ya damu huioni, na mwisho anapelekwa kupitishiwa mrija mkononi hadi kwenye moyo ili mishipa ionekane. Kalipa mara mbili. Muulizeni daktari kuhusu hilo mapema. Ulizeni pia mashine ni ya slaisi ngapi, yaani inachukua vipande vingapi vya picha kwa mzunguko mmoja. Chini ya 64 msikubali. Kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ipimwe kabla, sababu ile dawa ya kung'arisha mishipa hutolewa na figo. Siku hiyo asinywe kahawa: mapigo yakiwa 90 picha inatoka na ukungu, na sisi hupenda yashuke chini ya 65, mara nyingi kwa kidonge.

Maumivu yakimjia amekaa tu, jasho likimtoka, achaneni na foleni ya CT. Mkimbizeni dharura apimwe ECG (umeme wa moyo) na troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha moyo umeumia).

Kuhusu bima, ombeni kibali mapema na mkipate kwa maandishi. Wengi hukataliwa dirishani wakiwa wameshafunga kula.