Mvua ya bati imeingia kwenye wimbo wangu

SWALI: Shikamoo kaka. Nimegeuza chumba changu kuwa studio. Nimebandika trei za mayai ukuta mzima, lakini mvua ikipiga bati, maiki inanasa yote. Hata siku kavu spika zinavuma. Nifanyeje? – Msomaji, Uyole, Mbeya.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Trei za mayai ni nyepesi mno kuzuia kelele. Zinapunguza mwangwi kidogo tu. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa. Hata hivyo, mvua ya bati sijaishinda hapa Iringa, na iliwahi kuniharibia kazi ya wiki nzima. Masika narekodi alfajiri, mawingu yakiwa bado mbali.

Kama maiki yako ni ya kondensa, ile inayohitaji volti 48, azima ya dainamiki, isiyonasa sana sauti za mbali. Imba ukiwa umeisogelea, upana wa kiganja, na nyuma yako tundika yale mablanketi mazito ya baridi ya Juni.

Mvumo wa spika ni umeme, wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Chomoa chaja ya kompyuta, utumie betri. Mvumo ukikoma, mwite fundi akague waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Usiukate, tafadhali! Huo ndio unaokulinda.

Juzi nilimrekodi mama akiimba wimbo wa kuvuna. Niliposikiliza, nikasikia anavuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi sana.