Usitume pesa za studio kabla ya kumwona mwenye nyumba

Usizitume. Umeandika kwamba wachoraji watatu wa hapa Kondele, Kisumu, wamekukaribisha katika studio yao, kwamba mmoja wao, aliyekipanga chumba kwa mwenye nyumba, anataka amana na kodi ya miezi miwili kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa, kisha ukauliza kuhusu mwanga, mahali pa kuweka rangi na namna ya kugawana bili ya stima. Mwenye nyumba hukumtaja popote, na hapo ndipo mimi nilipozama.

Mwaka 2019 nililipa shilingi 30,000 kwa mtu wa namna hiyo, mchoraji mwenye sifa mjini, tuliyemwita Mkubwa. Nilipomwomba mkataba alicheka, akaniambia kwamba karatasi ni mambo ya benki na kwamba wasanii ni ndugu. Ndugu huyo alikuwa akipokea kodi yetu kila tarehe tano huku yeye mwenyewe hajamlipa mwenye nyumba kwa miezi mitano. Tulilijua hilo siku dalali wa mnada, aliyetumwa na mwenye nyumba, alipobandika mlangoni orodha ya vitu vyote vilivyomo, picha zangu kumi na moja zikiwa zimeandikwa "mbao zenye kitambaa". Sijawahi kupata mhakiki mkali kuliko huyo.

Sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba anayedai kukamata vitu vilivyomo katika jengo lake, na mpangaji wa mpangaji hujiokoa kwa kuandika tamko, pamoja na orodha, kwamba vitu hivyo ni vyake wala si vya anayedaiwa. Sikujua hayo. Sikuwa na risiti, jina langu halikuwa katika hati yoyote, na Mkubwa alikuwa amezima simu. Nasikia siku hizi anawafundisha vijana namna ya kuishi kwa sanaa.

Vijana wa dalali walizipanga picha ndani ya lori uso kwa uso. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kupaa kama ile ya akriliki, bali kwa kuvuta hewa polepole, na mbili kati ya picha zangu zilikuwa na siku nne tu. Nilipozikomboa, kwa pesa za kukopa, mvuvi wangu wa Dunga alikuwa ameacha nusu ya ndevu zake juu ya korongo wa picha ya pili. Korongo huyo bado ninaye, na wageni huniuliza kama ni mtindo mpya.

Kwa hiyo mwombe huyo mwenzenu hati ya upangaji wake, usome kama inamruhusu kupangisha wengine, kisha mwenye nyumba mwenyewe atie sahihi karatasi yenye jina lako, kiasi ulicholipa na orodha ya vifaa vyako, kuanzia stendi ya kuchoria hadi chupa za tapentaini. Kuhusu mwanga, chagua dirisha la kaskazini au la kusini, kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta na jua la asubuhi na la jioni litakupiga usoni upande mwingine wowote.

Wakikuambia mwenye nyumba yuko safarini, subiri arudi. Wa kwetu tuliambiwa yuko Mombasa, kumbe alikuwa Milimani, robo saa kwa bodaboda.