Waya gani utanilainishia sauti ya spika?

Swali: Fundi, asalaam alaykum. Niko Wete, Pemba. Nimenunua amplifaya na spika mbili, nimeziweka ukumbini, lakini sauti ni kali mno. Nikipiga taarabu fidla inachoma masikio, na besi kama haipo. Muuza duka kanambia kosa ni la waya, nichukue wa laki tatu na nusu, eti ule unalainisha sauti. Ninunue?

Jibu: Waalaykum salaam. Pesa hiyo iweke kwanza.

Waya wa spika kazi yake kupitisha umeme wa amplifaya bila kuupunguza njiani. Tupige hesabu. Tuseme kutoka amplifaya hadi spika ni mita 5. Umeme unakwenda na kurudi, basi ni mita 10 za shaba. Waya wa 2.5 (milimita za mraba), unene ule ule mafundi wanaoutia kwenye soketi, kwa urefu huo una ukinzani, yaani kuuzuia umeme, wa takriban omu 0.07; omu ndicho kipimo chake. Spika yako ikiwa ya omu 8, waya unakula chini ya sehemu moja kwa mia. Sikio la nani litajua? Ukitumia ule mwembamba wa 0.5 unafika kama omu 0.35, na hapo sauti inaweza kubadilika kidogo, lakini usitegemee kwamba italainika. Waya unaolainisha kweli unafanya hivyo kwa kupoteza sehemu ya sauti. Bora uifunike spika kanga, ni rahisi zaidi.

Mimi ningeanzia kwenye hiyo besi uliyosema haipo. Zima amplifaya, tazama nyuma. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, spika hii inasukuma hewa huku ile inavuta, besi zinauana na kinachobaki ni ukali mtupu. Nimeitwa mara nyingi kwa "spika mbovu" nikakuta ni hilo tu.

Ukishafika hapo nyuma, zitazame na ncha za waya. Nyumba moja ya pwani huku Unguja nilichomoa waya nikakuta shaba imekuwa kijani kwa hewa ya chumvi. Nikakata sentimita mbili, ndani bado nyeusi. Nikakata tena mpaka nikaona shaba inang'aa, ndipo nikafunga upya na kukaza. Mikwaruzo ikakoma. Na ukinunua waya mpya, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukitoka mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, usilipe bei ya shaba.

Lakini mkosaji mkubwa, nahisi, ni ukumbi wenyewe. Chini vigae, ukuta wa plasta mtupu, madirisha ya vioo: trebo, yaani zile sauti nyembamba za juu, inagonga na kurudi, inagonga na kurudi. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unabaki hewani, umeshapata jibu. Tandika zulia nene mbele ya spika (mkeka ni mwembamba, hausaidii sana), tia mapazia mazito, makochi ya kitambaa yabaki humo humo. Spika zisogeze karibu na ukuta, kama sentimita 20, besi itapanda. Kisha zigeuze kidogo zisikutazame usoni, kwa sababu trebo hupiga mbele moja kwa moja kama tochi. Na kile kitufe cha trebo kwenye amplifaya si haramu kukigusa, kipunguze.

Waya una neno mahali pamoja tu: ikiwa unapiga santuri za zamani kwa sindano ya sumaku. Hapo waya mrefu kati ya pleya na amplifaya huigeuza trebo kweli, basi tumia mfupi.

Fanya hayo kwa mpangilio huo. Ikiwa fidla bado inachoma, niandikie uniambie ni spika gani na zimekaa wapi ukumbini.